Zefe ya Maulidi ya Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kama zefe ya Maulidi, yaani maandamano ya kusherehekea kuzaliwa kwa Mtume, ina umri sawa na mji wa Lamu, hapana. Maulidi ya Barzanji, utungo mwingine wa kumsifu Mtume, yalisomwa hapa kabla ya zefe, ila usomaji huu wa matwari, yaani ngoma za mkono za duara, wa Maulidi yaliyotungwa na Ali al-Habshi wa Hadhramaut, ulienezwa na Habib Swaleh, mzaliwa wa Ngazija, kisiwa cha Komoro, aliyeasisi Msikiti wa Riyadha, na baadhi ya wakubwa wa mji waliupinga, wakiona ngoma haina nafasi msikitini. Siku hizi, Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiul Awwal, unapokaribia kwisha, baada ya ziara ya kaburi la Habib Swaleh, wanafunzi wa madrasa hupita kwa safu wakiyumba pamoja, matwari yakiwa yamekwisha kupashwa moto ili ngozi zikaze. Mimi husimama upande wa pwani, ambako punda ni wachache.