Nilikuwa kwenye kona ya kaka, nikimwambia "uko fiti, rudi"

Asubuhi moja mwaka jana kaka yangu alipulizia dawa mstari uleule wa zabibu mara tatu. Shamba letu liko Mpunguzi, mistari imenyooka, ukifika mwisho unageuka unaingia unaofuata. Hakuna pa kupotea. Shemeji alipomfuata kumuuliza, alijibiwa kwa ukali kwamba ndiyo kwanza kazi inaanza. Kwenye pampu dawa ilikuwa imebaki ya chini kabisa.

Kaka ana miaka 52. Alicheza ngumi za ridhaa kuanzia akiwa na 17 mpaka 30, na mimi mdogo wake ndiye niliyebeba ndoo. Jimu yetu ilikuwa uani kwa mtu, Chang'ombe hapa Dodoma: gunia la mchanga na matambara likining'inia kwenye mwarobaini, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Siku ya pambano kazi yangu ilikuwa kona. Akirudi macho yameganda, namwagia maji shingoni, namuonyesha vidole: vingapi? Viwili. "Uko fiti, rudi."

Siku zote nilikuwa naonyesha viwili. Na yeye alijua ni viwili.

Hili nimelikalia kimya miaka mingi, sasa nalisema kwa sababu naona vijana wa kona wa leo wanafanya vilevile. Acha vidole. Muulize tuko ukumbi gani, hii ni raundi ya ngapi, pambano lililopita ulicheza na nani, ulishinda au ulishindwa. Akisitasita, rusha taulo. Watu watazomea, wazomee.

Kwa miaka yote hiyo kaka alipigwa KO mara mbili tu. Tulijiona tuna bahati. Hatukuhesabu sparingi, yaani kupigana na wenzake mazoezini: siku tatu kwa wiki, mara nyingi na watu wenye uzito mkubwa kuliko wake, kwa sababu ndio waliokuwepo. Nilidhani hatari ni kuzimia. Kumbe ubongo ni laini na umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Ngumi ya kidevu ikizungusha kichwa ghafla, nyuzi zake nyembamba zinavutika hata kama mtu hajaanguka. Kofia ya kujikinga inazuia kuchanika nyusi. Mtikisiko wa ndani haiuzuii. Watafiti wanaochunguza ugonjwa uitwao CTE, ambao ubongo unakufa polepole huku protini ya tau ikijikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu, wanaona kwamba miaka mtu aliyokaa akipigwa kichwa ina uzito kuliko idadi ya mara alizozimia.

Si jambo geni. Mwaka 1928 daktari Harrison Martland wa Marekani aliwaandika mabondia wanaotembea kama walevi bila kunywa. Aliyekuja kuwafungua watu macho baadaye ni Mwafrika mwenzetu, Bennet Omalu wa Nigeria, alipoupima ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2002. Na kama wewe ni beki wa kati unayesoma hapa ukiwahurumia mabondia, subiri kidogo: mwaka 2019 watafiti wa Glasgow walionyesha kuwa wanasoka wa zamani wa kulipwa wa Scotland walikufa kwa magonjwa ya ubongo kuchakaa mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine wa rika lao. Uingereza tangu 2020 watoto wa shule za msingi hawafundishwi tena kupiga mpira kwa kichwa.

Nyumbani tulipoteza miaka miwili. Kwanza tulisema ni hasira za umri. Jirani mmoja akasema amechezewa. Mwingine akacheka, "mpelekeni Mirembe", na shemeji akaona aibu akamficha ndani. Utani huo wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, umewafungia wagonjwa wengi majumbani. Pale ni hospitali kama nyingine, watu wanatibiwa wanarudi kazini.

Tulipofika kwa daktari, picha ya CT ilitoka safi na sisi tukataka kushangilia. Akatutuliza. Picha ile inatafuta damu na mivunjiko, na CTE inathibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya mtu kufa. Kwa hiyo hakuliandika jina hilo kwa uhakika kwenye cheti, aliandika "inawezekana". Ila alitibu vinavyotibika: presha, usingizi, sonona, akamkataza pombe, akapima na masikio. Hasira zimepungua sana. Kusahau kuko palepale, sasa tunafunga kitambaa kwenye nguzo ya kila mstari uliokwisha kupuliziwa.

Kwa anayepigwa kichwa leo, iwe ulingoni, uwanjani au kwenye bodaboda: siku hiyo harudi tena, hata akiapa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuufanya uvimbe kwa haraka na kuua, na wanaoonekana kufa hivyo zaidi ni vijana. Akitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyenzake, akawa haamshiki vizuri au mkono ukalegea, hospitali usiku huohuo, msisubiri kupambazuke. Akilala, awepo mtu wa kumuangalia. Dawa ya maumivu iwe parasetamoli; diklofenaki na aspirini muziweke kando siku za mwanzo kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Apumzike siku moja mbili, si kwa kufungiwa gizani, kutembea ruksa. Kisha arudi kidogo kidogo, kila hatua angalau siku nzima, na mazoezi ya kugongana yawe ya mwisho, mhudumu wa afya akishakubali.

Na nunua daftari. Andika tarehe, alipigwaje, alisema nini, dalili zilikaa siku ngapi. Daktari alinitaka historia ya kaka nikabaki kukuna kichwa.

La mtoto wa kaka ninalo. Ana miaka 16, beki. Wiki mbili zilizopita aligongana vichwa na mwenzake, nikamuuliza nani kafunga bao la kwanza, akanitajia mchezaji wa wiki iliyopita. Nikamtoa. Kocha alilalamika, na mechi ya Jumapili, aliyoisubiri mwezi mzima, ikampita akiwa benchi na nguo za nyumbani. Mpaka leo akiniambia "shikamoo baba mdogo" anaangalia pembeni.