Lignani si flavonoidi: hesabu kaboni kwanza

Ndugu muulizaji, umeuliza kama lignani ni aina ya flavonoidi (yote mawili ni makundi ya kemikali za mimea), kwa kuwa zote mbili huitwa estrojeni za mimea, yaani kemikali za mimea zinazotenda kama homoni ya estrojeni. Jina hilo hueleza utendaji wake mwilini tu, ilhali uainishaji wa kikemia hutazama kiunzi cha molekuli. Lignani, jina lililopendekezwa na Haworth mwaka 1936, hujengwa kwa vipande viwili vya fenilpropani, kila kimoja kikiwa na pete ya kaboni 6 yenye mkia wa kaboni 3, navyo huungana katikati ya mikia, kaboni ya 8 kwa kaboni ya 8. Kiunzi cha lignani basi kina kaboni 18, ilhali flavonoidi ina kaboni 15 tu katika kiunzi chake.

Nakusihi uichore sesamini, lignani ya ufuta, kwa mkono wako: ina kaboni 20, na ukiziondoa mbili zilizoshikwa kati ya oksijeni pembeni mwa pete, zinabaki 18.

Vipande vikiungana mahali pengine, tunapata neolignani, tofauti ambayo wanafunzi wengi huipita bila kuitazama. Lignini, licha ya kufanana jina, ni polima kubwa, yaani molekuli ya vipande vingi vilivyoungana, inayoimarisha kuta za seli.