Jibu: Redio na malipo ya wasanii katika zama za muziki wa mtandaoni

Ndugu, umeuliza kama huduma za kusikiliza muziki mtandaoni zitaiua redio, na kwa nini msanii anayesikilizwa sana bado hulalamikia malipo.

Nianze na malipo, maana ndipo penye utata. Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2008, haina bei maalumu kwa kila wimbo unaochezwa. Sehemu kubwa ya mapato ya ada na matangazo hugawanywa kwa wenye haki za nyimbo, kama kampuni za rekodi, kulingana na mgao wao wa usikilizwaji wote, nao ndio humlipa msanii kwa mujibu wa mkataba wake, ambao mara nyingi ndio unaombana. Usikilizwaji huhesabiwa baada ya sekunde 30, na sishangai kwamba watunzi wengi sasa huingiza sauti mapema ili msikilizaji asiuruke wimbo. Tangu mwaka 2024, rekodi isiyosikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 haipati mrabaha wa rekodi, yaani malipo ya matumizi yake.

Redio nayo si karimu kila mahali: nchini Marekani, vituo vya AM na FM humlipa mtunzi, lakini sheria haivilazimishi kumlipa mwimbaji wa rekodi, ilhali redio za intaneti hulazimika.

Kufa, haitakufa. Ilichopoteza ni mamlaka ya kuamua wimbo upi uvume, ambayo kwa kiasi kikubwa yamehamia kwenye orodha za nyimbo zinazopangwa na algoriti, yaani programu za kompyuta zinazochagua nyimbo; inabaki na habari za papo kwa papo, mtangazaji anayezoeleka, na mawimbi yasiyohitaji bando.