Usihame Iowa kwa ajili ya futiboli: makocha wa vyuo wana njia zao, na njia nyingine zinapita mlangoni kwako

Ndugu yangu wa Des Moines, nimelisoma swali uliloliandika hapa mbele yetu wote mara mbili. Umesema kijana wako ana miaka 15, yuko darasa la 10, ana urefu wa futi 6 na inchi 4, anacheza mstari wa mbele katika futiboli ya Kimarekani, na kwamba mtu wa kampuni ya kuwatafutia vijana vyuo amekushauri uhamishe familia nzima kuja Texas kwa madai kuwa huko Iowa hakuna kocha wa chuo atakayemwona. Mimi naishi huku Texas, karibu na Fort Worth, na mwanangu wa kwanza alipita njia hiyo hiyo mpaka akapata chuo. Jibu langu ni kwamba usihame. Naomba nieleze sababu kwa kirefu, kwa kuwa nami nilichelewa kuelewa jinsi makocha wa vyuo wanavyosaka vijana, na kuchelewa huko kulitugharimu.

Chuo hakisaki vijana nchi nzima kwa jicho moja. Kocha mkuu huigawa ramani kwa wasaidizi wake: huyu anapewa Dallas na Fort Worth, yule Houston, mwingine kusini mwa Florida, mwingine jimbo la nyumbani. Msaidizi aliyepewa eneo hulirudia mwaka baada ya mwaka. Anawajua makocha wa sekondari kwa majina, anamjua anayemsifia kila kijana anayepita mbele yake, na anamjua asiyefungua kinywa mpaka awe ameona kitu cha kweli. Neno la huyu wa pili lina uzito kuliko nyota ambazo tovuti za kupima viwango vya wachezaji humpa kijana. Video nayo ina kazi yake, na siku hizi karibu kila shule huweka mechi zake kwenye Hudl, mtandao wa video za michezo, lakini video humfanya kocha afunge safari tu. Kabla chuo hakijatoa ufadhili, ama kocha anakuja shuleni kujionea mwenyewe, ama kijana anakwenda kambi ya kiangazi chuoni, apimwe urefu, uzito, viganja na mbio za yadi 40 mbele ya watu watakaomfundisha.

Kuja huko shuleni kuna sheria ambazo sisi wageni hatuambiwi. Mwezi Mei 2022 mwanangu akiwa darasa la 11, nilikuwa nimepeleka fomu ofisini kwao nikamkuta mgeni amesimama kando ya mlango wa chumba cha mazoezi, amevaa fulana yenye nembo ya chuo cha jimbo jirani. Kocha wa shule akamwita kijana wangu. Yule mgeni akampa mkono, akaushikilia kidogo kuliko kawaida, akamtazama kuanzia mabegani mpaka kwenye viatu, akasema amefurahi kumwona, akaondoka zake. Hazikupita sekunde kumi. Niliumia sana. Kwetu mtu hawezi kusafiri saa nne akafika kwa mwenzake asimwulize hata habari za nyumbani, na niliona uso wa mwanangu ulivyoshuka. Baadaye kocha wa shule alinieleza kwamba kuanzia katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Mei makocha wa vyuo wanaruhusiwa kuja kutazama mazoezi na kupitia matokeo ya masomo, ila NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakiwaruhusu kuzungumza na mwanafunzi zaidi ya kumsalimu. Ule mkono alikuwa anaupima kiganja. Macho yake kwenye viatu yalikuwa yanakadiria kama mtoto bado atarefuka. Kisha alikaa dakika arobaini na mshauri wa masomo, akauliza kama kijana huwahi shuleni na huongeaje na walimu.

Nakueleza hili ili usiupime ukimya vibaya. Kama hadi leo kijana wako hajapata barua hata moja ya kusajiliwa, hilo halina maana yoyote. Makocha wa Divisheni ya Kwanza, kundi la juu la vyuo vya NCAA, hawaruhusiwi kumwandikia barua za namna hiyo kabla hajamaliza darasa la 10. Mtu anayekuonyesha ukimya wa sasa kama ushahidi kwamba Iowa ni gizani, ama haijui sheria hiyo, ama anaijua na anakuficha.

Sasa nije kwenye mikoa yenyewe. Ni kweli kwamba Texas, Florida, California na Georgia ndizo zinazotoa wachezaji wengi zaidi. Huku kwetu zaidi ya shule 1,000 zinacheza futiboli, na shule ya sekondari ya Allen, kaskazini mwa Dallas, mwaka 2012 ilifungua uwanja wa watu 18,000 uliogharimu karibu dola milioni 60. Lakini wingi huo una upande wake wa pili. Kocha anayekuja Dallas kwa siku tano ana shule nyingi kuliko saa alizo nazo, na katika kila shule kubwa kuna vijana watatu au wanne wa umbo la mwanao. Zaidi ya hayo, UIL, chombo kinachosimamia michezo ya shule za serikali huku, kina kanuni kwamba mwanafunzi akibainika amehama shule kwa ajili ya michezo, hachezi timu kubwa ya shule kwa angalau mwaka mmoja. Kamati ya wilaya hukaa ikaulizana kwa nini familia imehama. Wewe umeshaandika sababu hiyo mbele ya watu wote.

Iowa inajulikana kwa makocha kwa jambo jingine, na jambo hilo ndilo linalomfaa mwanao. Ni jimbo la wanamieleka na la vijana wakubwa wanaocheza michezo mitatu kwa mwaka. Tristan Wirfs alitoka mji mdogo wa Mount Vernon, akiwa mwanamieleka bingwa wa jimbo na mrusha kisahani na tufe, akasajiliwa na Chuo Kikuu cha Iowa kilicho jirani tu na kwao, na mwaka 2020 timu ya Tampa Bay ikamchagua wa 13 katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa. T.J. Hockenson, mchezaji mwingine wa NFL aliyepita chuo hicho hicho, alitoka Chariton, mji mwingine mdogo. Chini ya Kirk Ferentz, ambaye ni kocha mkuu tangu 1999, chuo hicho kimejenga jina kwa kuchukua vijana wa nyumbani wasio na nyota nyingi na kuwalea miaka mitatu minne mpaka wakawa wachezaji wa mstari wa mbele wa kiwango cha juu. Kama kijana wako hachezi mieleka wala kurusha tufe, mwandikishe msimu huu. Kocha anayemtafuta mchezaji wa mstari hutazama sana miguu na nyonga, na kwenye mkeka wa mieleka anaviona vizuri kuliko katika mechi ya Ijumaa usiku ambapo watu 22 wanagongana kwa pamoja.

Ramani hii haikushuka kutoka mbinguni, watu waliichora, na historia yake inafundisha. Mapema miaka ya 1960 vyuo vikubwa vya Texas havikuwa vikichukua wachezaji weusi, hivyo Bubba Smith wa Beaumont, aliyefundishwa na baba yake mzazi katika shule ya weusi, alikwenda mpaka Michigan State. Huko kocha Duffy Daugherty alikuwa akikusanya vijana weusi wa Kusini waliofungiwa milango ya nyumbani, na mwaka 1967 Bubba akawa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa kati ya wachezaji wote wa mwaka huo. Huwa nawakumbusha hilo wazazi wenzangu Waafrika wanaodhani kwamba chuo kilicho karibu ndicho siku zote kinachomthamini mtoto wao.

Bubba aliondoka kwa kulazimika. Kocha Howard Schnellenberger alifanya kinyume chake alipochukua timu ya Chuo Kikuu cha Miami mwaka 1979. Alitangaza kwamba kusini mwa Florida ni jimbo lake, akalizungushia ua, akaamua kuwa vijana wa mitaa ile wasiende tena kuvipa ushindi vyuo vya mbali. Msimu wa 1983 akatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Nebraska 31 kwa 30. Hata hivyo aliyekuwa akirusha mipira ya Miami usiku ule, Bernie Kosar, alitoka Ohio, kwa maana kila ua una mlango. Nebraska wenyewe, majirani zako, wana watu kiasi cha milioni mbili tu jimbo zima, na wakati wa kocha Tom Osborne walijaza mstari wao kwa vijana wa mashambani, wengi wakiwa wanajilipia ada, huku wenye kasi wakitafutwa mbali. Tommie Frazier, aliyewaongoza kwenye ubingwa wa 1994 na 1995, alitoka pwani ya Florida. Wakati wote huo aliyehitajika kwenye mstari alitafutwa karibu na nyumbani kwanza.

Kwa hiyo badala ya kuuliza ni mkoa gani una makocha wengi, uliza ni vyuo gani vina mtu aliyepewa eneo lako. Usianze na majina makubwa peke yake. Vyuo vya ngazi ya juu kabisa vilikuwa 136 msimu wa 2025, wakati vijana wanaocheza sekondari ni kiasi cha milioni moja. Cedar Falls kuna Northern Iowa, ambako Kurt Warner wa Cedar Rapids alisubiri hadi mwaka wake wa mwisho ndipo akaanza kucheza, kisha akaja kushinda Super Bowl, fainali ya NFL. Pale pale mjini kwako kuna Drake, ambao hawatoi ufadhili wa futiboli ila wana misaada mingine ya masomo. Divisheni ya Tatu nayo haitoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini vyuo vyake vingi hutoa msaada mkubwa kwa mwanafunzi mwenye alama nzuri.

Sasa niseme lililotuumiza. Mwezi Juni 2022, baada ya kambi, yule kocha wa mlangoni alituingiza ofisini kwake akasema chuo kinampa mwanangu ofa. Nilipiga simu Morogoro usiku ule ule, na mama yangu akatoa sadaka. Mpaka Oktoba ujumbe ulikuwa unakuja kila wiki. Novemba kocha mkuu akafukuzwa, wa kwetu naye akaondoka, na waliokuja wakajaza nafasi kwa wachezaji wakubwa waliohama kutoka vyuo vingine, kwa sababu kuanzia 2021 mchezaji wa chuo aliruhusiwa kuhama mara ya kwanza bila kukaa nje msimu mmoja. Desemba, siku ya kusaini, hakuna karatasi iliyofika. Nilikuwa sijui kwamba ofa ya mdomo haimfungi mtu yeyote, na kwamba kuna ofa ambazo kijana akisema ndiyo zinapokelewa siku hiyo hiyo, na nyingine ambazo ni za kumweka tu karibu. Swali la kuuliza, kwa heshima kabisa, ni hili: "Kocha, mwanangu akikubali leo, nafasi ni yake?" Ukiona anazunguka, endelea kuzungumza na wengine. Hali hiyo imebana zaidi tangu 2025, kwani vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano ya mahakama kuhusu kuwalipa wachezaji vinaishia wachezaji 105 kwa timu, na waliokuwa wakiingia kwa kujilipia ndio wa kwanza kukosa nafasi.

Aliyetuokoa ni kocha wa sekondari. Alimpigia rafiki yake wa siku nyingi katika chuo cha Divisheni ya Pili, kilomita mia tano kutoka kwetu, akamwambia, "Huyu nisingekuletea kama nisingekuwa na hakika naye." Yule hakuhitaji kuja tena. Februari tulisaini ufadhili wa nusu kwa futiboli na sehemu iliyobaki karibu yote kwa masomo, na sasa kijana yuko mwaka wa tatu akisomea uhandisi wa ujenzi.

Lakini hata hilo lilikaribia kukwama, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa kuwa mwanao amekuja Marekani juzi tu. NCAA inataka masomo ya msingi 16 yaliyoidhinishwa. Kwa Divisheni ya Kwanza, 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho kuanza, 7 kati ya hayo 10 yakiwa ya Kiingereza, hisabati au sayansi, na wastani wa alama usipungue 2.3 kwenye kipimo cha 4.0. Mwanangu aliwekwa darasa la Kiingereza cha wanafunzi wageni alipokuwa darasa la 9, akafaulu vizuri, tukafurahi. Mwisho wa darasa la 11 ndipo tukagundua kuwa kozi ile haikuwa kwenye orodha iliyoidhinishwa ya shule yake. Alisoma kiangazi chote kuifidia, asubuhi darasani na jioni mazoezini. Hakuna aliyetutahadharisha, na shule haikuwa na nia mbaya, ila mshauri mmoja ana mamia ya wanafunzi.

Kwa hiyo wiki hii usimpe yule mtu wa kampuni hata senti. Nenda shuleni, omba dakika kumi na mshauri wa masomo, na mfungue pamoja orodha ya kozi zilizoidhinishwa na NCAA kwa shule hiyo, mkilinganisha na ratiba ya mwanao somo kwa somo, zikiwemo alama alizokuja nazo kutoka Tanzania kama darasa la 9 alilisomea huko. Kisha mfuate kocha wake, peke yako bila mtoto, umwulize ni makocha wa vyuo gani waliingia jengo lile Mei iliyopita, na yupi kati yao yeye mwenyewe humpigia simu. Yaandike majina ya vyuo uyalete hapa. Vyenye mtu aliyepewa Iowa tutavipitia kimoja kimoja, tuone vinafanya kambi lini mwezi Juni.