Muulize Fundi: Waranti nimeilipia, mbona pikapu haitengenezwi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Fort Worth, Texas, nilinunua pikapu ya V8 ya mwaka 2017 kwenye yadi ya magari yaliyotumika, ilikua na maili 92,000, na jamaa wa yadi akanipiga na waranti ya ziada, miaka 3 au maili 36,000 kwa dola 3,200, wakaichomeka humo humo kwenye mkopo. Sasa ni miezi mitano tu tangu ninunue, asubuhi nikiwasha inagonga tik tik tik, taa ya injini imewaka na inamisi. Fundi wa gereji ya jirani anasema tapeti zimekufa upande mmoja na pengine kemshafti imelika, jumla dola 5,400. Nikawapigia watu wa waranti wakasema injini ifunguliwe kwanza kwa gharama yangu ndo watume mtu wao aje kuangalia, alafu wanataka risiti zote za kumwaga oili na mi oili namwaga mwenyewe nyumbani. Tena nimeweka matairi makubwa, na wikendi huwa nahamishia watu vitu vyao wananipa chochote. Wanaweza kunikatalia? Au nilipe tu niachane nao? Gari ndo naendea kazini.

JIBU: Kwanza acha kuiendesha ndugu yangu, hata hiyo safari ya kazini omba lifti. Tapeti (kile kidude kinachosukuma valvu ifunguke) ikifa ile roli yake inaanza kuila kemshafti (shafti inayozisukuma tapeti), unga wa chuma unaingia kwenye oili na oili inautembeza injini nzima, na karibu kila mkataba wa namna hii una sentensi inasema hawalipi uharibifu uliotokana na mwenye gari kuendelea kuendesha baada ya kuona dalili. Mpaka sasa ugomvi wenu ni wa tapeti, ukiendelea wiki mbili utakua wa injini nzima na hapo watakua na sababu ya kukuacha. Mingi ya hii mikataba inalipia pia gari kuvutwa mpaka gereji, angalia kabla hujatoa hela yako.

Alafu chukua VIN, ile namba ya herufi na tarakimu 17 unayoiona kwenye dashibodi upande wa dereva ukichungulia kwenye kioo, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya usalama barabarani ya Marekani, uone kama kuna rikoli (kiwanda kinaita magari yenye kasoro yarekebishwe), sababu rikoli inatengenezwa bure kwa dila (wakala wa kampuni ya gari) hata kama gari imepita mikono mitano. Aprili 2025 General Motors waliita karibu magari laki sita Marekani, pikapu na SUV zenye injini ya lita 6.2 za 2021 mpaka 2024. Yako ya 2017 haimo kwenye hiyo lakini kuangalia ni dakika moja. Waranti ya kiwandani usiihesabu, kwa pikapu nyingi hapa injini na giaboksi ni miaka 5 au maili 60,000 na we ulinunua imeshapita.

Sasa hao jamaa. Ulichonunua kisheria ni mkataba wa huduma, na yule wa yadi kazi yake iliisha siku uliposaini. Fungua hiyo karatasi (yote, sio ile brosha yenye picha ya familia inacheka) utakuta kampuni tatu: iliyokuuzia, inayosimamia madai, na ya bima iliyosimama nyuma yao. Unayebishana nae kwenye simu ni huyo wa katikati. Na kanuni yake kubwa ni kibali kabla ya spana, yaani gereji ikianza kutengeneza bila kupewa namba ya kibali hulipwi hata kama tatizo lingelipwa. Kwa hiyo hilo wazo la nilipe tu kisha nidai baadae lifute. Na simu asipige mwenye gari, apige fundi, awape kodi za hitilafu alizosoma kwenye kompyuta ya gari na maelezo yake, sababu ukipiga wewe ukasema "inagonga gonga tangu zamani kidogo" hiyo tangu zamani wataiandika, na kesho utaambiwa tatizo lilikuwepo kabla ya mkataba.

Kuhusu kufungua injini. Ombi lao ni la kawaida na limo kwenye mkataba, wakikuta kilichokufa kinalipiwa wanarudisha na hiyo gharama ya kufungua, wakikuta hakilipiwi unabaki na injini ipo mezani vipande vipande na bili ni yako. Hapo ndo watu wengi wanaumia. Usisaini kwa fundi "fungua injini" hivi hivi, saini kwa hatua, kila hatua na bei yake. Hatua ya kwanza kwenye V8 ya pushrodi (fimbo zinazosukumwa na tapeti) ni nyepesi: anatoa kava la valvu upande unaomisi, yaani wenye silinda isiyochoma vizuri, anazungusha injini kwa spana polepole, na anaangalia roka, ile mikono midogo inayobonyeza valvu. Zote zitakua zinapanda na kushuka, ile ya tapeti iliyokufa itabaki imekaa au itapanda kidogo tu, wenzake wanafanya kazi yeye anawaangalia. Hiyo achukue video, kwenye video ionekane VIN kwanza alafu maili alafu hiyo roka, bila kukata. Awapigie tena aulize, je video hii na kodi ya silinda inayomisi vinatosha kutuma mkaguzi? Wakisema ndio umeokoa masaa kibao ya kufungua, sababu kwenye injini nyingi za aina hiyo tapeti zenyewe hazitoki mpaka silinda hedi (kichwa cha injini) ishuke, na hiyo ndo kazi yenye hela. Wakisema hapana hedi ishuke tu, waulize kitu kimoja na uandike jina la anayejibu na saa: tapeti na kemshafti ziko kwenye orodha ya vitu vinavyolipiwa au haziko? Kuna mikataba inataja kila kifaa kinacholipwa na ambacho hakikutajwa basi, na kuna mingine inataja visivyolipwa tu na vingine vyote vimo. Yako ikiwa ni ile ya kwanza na neno kemshafti halipo, ni bora ujue leo kabla hedi haijashuka.

Na fundi asitupe kitu. Tapeti zilizotoka, filta ya oili ya zamani, vyote vikae kwenye boksi mpaka mkaguzi aje apige picha. Nimeona gereji safi sana inafagia kila kitu jioni na kesho yake mkaguzi anakuta hakuna cha kukagua.

Oili usiiogope sana. Mikataba mingi inakubali mwenye gari kumwaga mwenyewe ilimradi una risiti ya oili na filta zenye tarehe, na umeandika maili. Risiti za karatasi kama zimepotea ingia kwenye akaunti yako ya duka ulikonunua au stetimenti ya kadi ya benki. Umekua na gari miezi mitano tu, hutakua umemwaga mara nyingi. Ila usikae jikoni na kalamu mbili za rangi tofauti ukatunga daftari la miezi mitano kwa usiku mmoja, hao watu wameyaona hayo madaftari mengi, na wakigundua hilo moja ni uongo wanatupa madai yote.

Matairi inategemea mkataba umeandikaje. Mwingine unasema hatulipi kilichoharibika kwa sababu ya kubadilisha gari, hapo una hoja nzuri tu, tairi kubwa inaweza kusumbua giaboksi, difu na beringi za magurudumu lakini nani atakuonyesha tairi lilivyoua tapeti. Mwingine unasema gari likibadilishwa mkataba wote umekufa. Soma neno kwa neno, kingereza kikikusumbua mtafute mtu akusomee, usikisie.

Kinachonitia wasiwasi kwenye barua yako ni hiyo biashara ya wikendi. Mikataba ya magari ya familia mingi inakataa gari linalofanya kazi ya malipo, na kuhamisha vitu vya watu kwa hela hata kama ni "chochote" inaingia humo. Wakikuuliza usidanganye, sababu kama una tangazo mahali na namba yako ya simu wataliona. Lakini angalia hiyo sentensi imeandikwaje, wengine wanataja teksi, kuondoa theluji, kusambaza mizigo, magari yaliyosajiliwa kwa jina la kampuni, wengine wanasema kwa jumla matumizi yoyote ya kibiashara. Ikiwa ni hiyo ya jumla nafasi yako imepungua kweli, nakwambia mapema usije kushangaa.

Tuseme wamekubali. Bado hutatoka bila kutoa hela. Kuna kile kiasi unachochangia mwenyewe, mara nyingi dola 100 au 200, angalia kama ni kwa kila safari ya gereji au kwa kila tatizo. Kuna bei ya saa: gereji yako inachaji mfano dola 165, wao wamesema watalipa 120, kazi ni masaa 14, tofauti ni dola 630 na hiyo ni ya kwako. Fundi ajaribu kuongea nao, wanapanda kidogo wakati mwingine. Spea wanaweza kuleta iliyotumika au iliyofufuliwa badala ya mpya, mkataba unawaruhusu. Hakikisha kibali kimetaja na gasketi, oili na filta.

Wakikataa, usikubali kukataliwa kwa simu. Waambie waandike, na wataje ni kipengele namba ngapi. Mikataba mingi ina sentensi kwamba usipolipwa ndani ya siku 60 tangu upeleke ushahidi unaweza kuidai ile kampuni ya bima moja kwa moja, na jina na anwani yao vimo humo humo. Texas wanaosimamia haya makampuni ni TDLR, idara ya leseni ya jimbo, malalamiko unapeleka kwenye tovuti yao bure. Alafu kitafute kile kibandiko kilichokua kwenye dirisha la gari siku unanunua, sheria ya serikali kuu inamlazimisha muuzaji akupe nakala. Hata kama kimetikiwa "AS IS" (gari linauzwa lilivyo, bila waranti), chini kimeandika kwamba ukinunua mkataba wa huduma ndani ya siku 90 za kununua gari, sheria za jimbo lako zinaweza kukupa haki za ziada. Kwa dola 5,400 mwanasheria wa msaada wa bure anastahili kuonyeshwa hiyo karatasi.

SWALI: Dada yenu wa Columbus, Ohio. Nimeuza pikapu yangu, ile waranti ya ziada ilikua imebaki kama miaka miwili. Hela imeenda hivo?

JIBU: Haijaenda dada. Mingi inaruhusu kukatisha na unarudishiwa kwa hesabu ya muda au maili zilizobaki, ukitoa ada ndogo na madai uliyowahi kulipwa. Andika barua, ambatanisha karatasi ya mauzo na maili za siku ya kuuza, peleka kwa aliyekuuzia na kwa kampuni inayosimamia, wote wawili. Fanya sasa hivi sababu wanahesabu tangu siku walipopokea barua. Kama mkopo ulikua haujaisha hela itaenda benki kwanza. Na kwa wenzako wanaosoma: kama bado hujauza, muulize mnunuzi kama anaitaka, mingi inahamishika kwa ada na gari inapata bei.

SWALI: Napigiwa simu kila siku naambiwa waranti ya gari yangu inaisha leo, na mi gari sina, natembelea basi.

JIBU: Kata. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliziamuru kampuni za simu mwaka 2022 kuzizuia simu za kundi moja la hao, na 2023 ikawapiga faini ya karibu dola milioni 300, ila wengine wapo. Usibonyeze namba yoyote hata ile wanayosema ni ya kukutoa kwenye orodha, ukibonyeza wanajua hiyo simu ina mtu.