Mkono umepona, moto haujazimika

MUULIZE SHANGAZI: maswali yenu ya afya, Mombasa

*Asalaam aleikum shangazi, shikamoo. Mimi nauza viazi karai na bhajia hapa Kongowea. Mwaka jana bati la kibanda lilinikata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole cha mwisho, nikapelekwa hospitali nikashonwa nyuzi saba, kidonda kikakauka vizuri tu, hata kovu lenyewe dogo. Lakini shangazi tangu hapo huo mkono unawaka, si kuuma kwa kawaida, unawaka kama nimemwagikiwa na mafuta ya karai, na usiku ndo balaa, upepo wa feni siutaki, leso ikinigusa naruka. Kidole cha mwisho kimekufa ganzi alafu hicho hicho ndo kinachoma, sielewi. Nalala na bakuli la maji kando ya kitanda, mkono ukizidi nautumbukiza. Nimemeza diclofenac mpaka tumbo linaniunguza, nimedungwa sindano za vitamini, eksirei mara mbili naambiwa hakuna kitu. Mama mkwe asema ni jicho, ati biashara ilikua imeshika watu wakanitazama. Mume wangu nae ashachoka kuskia. Juzi daktari kaniandikia amitriptyline nimeze usiku, kufika nyumbani mtoto akaitafuta kwa simu akanambia mama hii ni dawa ya watu wenye huzuni na wazimu. Nimeitia kwenye droo. Kwani shangazi, mimi naumwa na mkono au naumwa na akili?*
*Mama Viazi, Kongowea*

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Pole, tena pole sana. Nilipofika hapo pa bakuli la maji niliweka simu chini kwanza, manake miaka nilokaa chumba cha fizio nimewaona wengi wakija na kitambaa kibichi wamezungushia mkono, na kila mmoja alikua anaona haya kueleza kwa nini.

Unaumwa na mkono. Nalianza hilo kabla ya mengine yote. Na hilo bakuli lako si geni duniani. Marekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, kulikua na daktari wa Philadelphia akiitwa Silas Weir Mitchell, aliwatibu askari waliopigwa risasi zikapita kwenye neva, na 1864 yeye na wenzake wakaandika waliyoyaona: vidonda vimefunga kitambo lakini watu wanaungua, hawataki kuguswa, wanashinda na matambara yaliyorowa maji mkononi, kuna mpaka aliyekua akijimiminia maji ndani ya viatu vyake. Kwa hivo mwanangu ulichokigundua wewe peke yako usiku Kongowea, askari wale walikigundua zaidi ya miaka 150 iliyopita, na hakuna aliyewatia jicho.

Sasa nikueleze kinachotokea, na nasema neva makusudi, sababu huku kwetu ukisema mshipa mtu anafikiri ngiri au ule wa damu. Neva ni kama waya wa stima unaotoka kwenye ngozi kwenda uti wa mgongo mpaka ubongoni. Bati lilipokukata ngozi, huenda lilikata ama kuchuna ule waya unaopita hapo kifundoni upande wa kidole cha mwisho. Ngozi ikashonwa. Waya hakuna aliyeuangalia. Waya ulioumia hunyamaza sehemu nyengine, ndo ile ganzi, alafu sehemu nyengine unapiga kelele wenyewe bila kuguswa, ndo ule moto, na vyote viwili vyaweza kukaa kwenye kidole kimoja. Ukikaa hivo miezi, mpaka uti wa mgongo unazoea kusikia kwa sauti kubwa, basi leso ikipita ubongo unaambiwa ni moto. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi neva, kwa hivo kuambiwa "hakuna kitu" maana yake mfupa mzima, basi.

Fanya hivi leo kabla hujalala. Chukua pamba, funga macho, mwambie mtoto akupitishie taratibu kwenye kidole cha pete, kwanza upande unaotazama kidole cha kati, alafu upande unaotazama kidole cha mwisho. Kama upande mmoja wahisi sawa na wa pili umekufa ganzi, kidole kile kile kimoja kimegawika katikati, basi ushapata jibu la kumpa mama mkwe, sababu hiyo neva huishia pale pale katikati ya kidole cha pete na jicho halijui mpaka huo. Kisha jaribu kutanua vidole, na ubane karatasi kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada mtoto aivute. Kama vidole havitanuki, au dole gumba linajikunja kwa nguvu ili kushika, au unaona nyama imebonyea hapo kati ya dole gumba na shahada, rudi hospitali usichelewe, uombe kuonwa na daktari wa upasuaji wa mikono au wa neva. Mwambie pia kama ukigonga kovu kwa ncha ya kidole shoti inaruka mpaka kidoleni. Neva iliyokatika inaweza kufanya fundo la nyama pale mwisho wake, na hilo lina matibabu yake.

Haya, dawa ya kwenye droo. Mtoto hakukudanganya, amitriptyline kweli ilianza kama dawa ya huzuni. Lakini madaktari waligundua zamani kwamba kwa kipimo kidogo inatuliza neva zinazopiga kelele, hata kwa mtu asiye na huzuni yoyote. Kwa maumivu huanza miligramu 10 au 25 usiku, kwa huzuni hupewa nyingi zaidi ya hapo, tazama karatasi yako utaona. Na ukipewa gabapentin ama pregabalin siku moja usishtuke tena ukisoma ni dawa za kifafa, mambo ni yale yale. Diclofenac haikukusaidia sababu inatibu uvimbe na wewe huna uvimbe, umeiumiza tumbo bure, na ukiendelea nayo miezi na miezi figo na presha nazo zitakudai. Iache. Sindano za vitamini zinasaidia yule ambaye damu yake imepungukiwa na vitamini hiyo, mwengine anachangia duka la dawa tu, na vitamini B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu neva, hili watu hawaambiwi na linaniuma sana.

Sitakuahidi muujiza. Watafiti walipojumlisha majaribio mengi waliona ukiwapa dawa za kundi hili watu wanne hivi, mmoja ndo anapungukiwa na maumivu kwa nusu na zaidi kwa ajili ya dawa yenyewe. Wengine hupata kidogo, wengine hawapati, wanabadilishiwa. Kwa hivo usiihukumu kwa siku tatu, mpe daktari wako wiki nne mpaka sita, na kipimo kinapandishwa polepole na yeye si na jirani. Meza mapema, saa mbili usiku hivi, ukiimeza saa sita utaamka kichwa kizito na uko kwenye mafuta ya moto alfajiri. Mdomo utakauka, choo chaweza kuwa kigumu, kunywa maji. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, kama una presha ya macho, kama una mimba au unanyonyesha, na kama kuna mtu amekupa tramadol, ile dawa kali ya maumivu, hizo mbili pamoja ni hatari. Na usiikate ghafla siku ukiona nafuu.

Mkono nao usiufiche. Najua unaufunga na leso na kuuweka kifuani, kila mtu hufanya hivo, na kadiri unavofichwa ndo unavozidi kuogopa kuguswa. Anza na kitambaa laini sana, hariri au pamba, sugua pale pembeni ambapo hapachomi, dakika mbili tatu, mara nne tano kwa siku, kila siku sogea kidogo kuelekea panapochoma. Ukizoea, taulo. Ukizoea taulo, mimina mchele mkavu kwenye beseni uzamishe mkono uuchezeshe ndani, nimeona mama mmoja alianza akilia kwa punje kumi na akamaliza akitafuta shanga za mjukuu chini ya mchele macho yamefumbwa. Iume kidogo sawa, isikuume mpaka ukakosa usingizi. Ukiwa na nafasi Jumapili shuka ufuoni ufanye na mchanga, ule mlaini mkavu wa juu. Ukiona mkono unavimba, unabadilika rangi, unatoa jasho kuliko mwenzake, mwambie daktari, hiyo ni hali nyengine inayotaka fizio ya haraka.

Kingine nakuomba kama mwanangu: kidole kilichokufa ganzi hakijui moto wa kweli. Usikitumie kupima karai wala kugeuza bhajia karibu na mafuta, tumia mkono wa kushoto na kijiko kirefu, na kila jioni kikague kama mtu anavokagua mguu wa mtoto anayetembea peku.

Mume wako mwite asome hapa. Baba, mkeo hajifanyi. Kuamka usiku mara nne kwa miezi yote hiyo kunamaliza mtu, na kama ameanza kulia au kukosa hamu ya chakula ni maumivu yamemfikisha huko. Wiki hizi dawa inapoanza kazi mshikie kazi ya karai alfajiri.

*Shikamoo shangazi, mimi ni wa bodaboda hapa Likoni, miezi minne iliyopita nilianguka nikaburuzwa, bega likavutwa chini shingo ikaenda upande mwengine. Mkono wa kushoto haunyanyuki kabisa na unapigwa shoti za stima kutoka shingoni mpaka vidoleni, hasa usiku. Nimeambiwa nisubiri utarudi. Nisubiri mpaka lini?*

Marahaba mwanangu. Usisubiri tena hata wiki moja. Neva ikikua inakwenda kama milimita 1 kwa siku, piga hesabu kutoka shingoni hadi vidoleni ni miaka, na msuli usiopata neva kwa mwaka au mwaka na nusu hautaki tena kuunganishwa. Zile neva za begani zikivutwa tu zaweza kurudi zenyewe, lakini zikingʼoka kwenye uti wa mgongo hazirudi, na upasuaji wake una nafasi nzuri ukifanywa kabla ya miezi 6. Wewe uko mwezi wa nne. Kesho asubuhi panda feri na karatasi zako zote, nenda hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, sema maneno haya: mkono haujasogea miezi minne, nataka kuonwa na anayejua neva za begani. Shoti zina dawa, hizo hizo nilizomtajia Mama Viazi hapo juu, uliza. Na tafadhali usimpe mkandaji mkono huo auvute ati bega limetoka. Wewe mwenyewe uchukue kwa mkono wa kulia, uunyanyue, ukunje kiwiko, ufungue vidole kimoja kimoja, mara kadhaa kwa siku, viungo visije vikaganda kabla neva hazijafika.

*Shangazi, babangu alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya lori. Sasa asema vidole vya ule mguu usiokuwepo vimejikunja na vinamuuma. Tunaogopa akili imeguswa. Ndugu wasema tumpeleke kwa shekhe.*
*Binti wa Kisauni*

Mpelekeni akasomewe, dua haikatazwi, lakini akili ya mzee iko sawa kabisa. Mguu umeondoka, ramani yake ubongoni bado ipo, na neva zilizokatwa bado zinatuma habari, kwa hivo vidole anavihisi na maumivu ni ya kweli. Wengi waliokatwa kiungo hupata haya, wanayaficha kwa kuogopa hicho hicho mnachokisema nyinyi. Dawa za neva hujaribiwa, na kisiki kisuguliwe na kitambaa kikishapona. Kisha kuna njia ya kioo, iliyoletwa na mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran miaka ya 1990, inasaidia baadhi ya watu na haina gharama. Chukueni kioo kirefu, hata kile cha mlango wa kabati, mkisimamishe katikati ya miguu yake akiwa amekaa, kisiki kiwe nyuma ya kioo, mguu mzima mbele. Akitazama kioo ataona miguu miwili. Mwambie akunjue vidole vya mguu mzima polepole huku akiwaza vile vyengine navyo vinakunjuka, dakika kumi na tano kila siku. Akiona haya mbele ya watoto, fungeni mlango muwe nyinyi wawili tu.