Jibu: Kusomea filamu NID au FTII?

Mdogo wangu, umeuliza kama kusomea filamu na video kwenye chuo cha ubunifu na usanifu kama NID ya Ahmedabad, India, ni kupoteza muda ukilinganisha na FTII, chuo cha filamu na televisheni cha Pune, India. Hapana, ila ni njia nyingine. FTII unaingia na fani yako: uongozaji, kamera, uhariri au sauti. NID, kilichoanzishwa mwaka 1961, shahada ya kwanza ni miaka 4, na ule wa mwanzo ni wa msingi: unachora, unajifunza rangi na maumbo pamoja na watakaobuni samani na nguo. Usiudharau mwaka huo! Aliyekaa saa nzima akichora birika anajua mwanga unaangukia wapi, na jicho hilohilo ndilo linalopanga picha ya kamera. Baadaye unaandika, unapiga video, unanasa sauti na kuhariri mwenyewe.

Mtihani wa kuingia NID, uitwao DAT, unapima uchoraji na ubunifu. Anza leo: mpige fundi cherehani video ya dakika 3 bila neno hata moja. Mguu kwenye kanyagio, uzi ukitafuta tundu la sindano, kidole kikinyoosha mshono. Kisha ikate ibaki dakika 1, uilete hapa tuitazame.